Muulize Mkutubi: Kurasa Nane kwa Laki Moja

Barua nyingi za mwezi huu zinalia na jambo moja: makala za kitaaluma na bei zake. Nimechagua nne. Majina nimeyaacha, na barua ya mhadhiri wa Arusha nimeifupisha, maana hasira peke yake zilijaza ukurasa.

Swali: Mama Mkutubi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, niko masomoni uzamili hapa Moshi. Naandika kuhusu kisukari kwa wajawazito. Nimepata makala inayohusu akina mama wa mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Muhtasari nimeusoma bure, lakini nikibonyeza ili nisome yote naambiwa nilipe dola 39.95. Kwa shilingi ni kama laki moja, na makala yenyewe ni kurasa nane. Hiyo hela anapewa nani? Daktari aliyeandika? (Muuguzi, Pasua)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Daktari aliyeandika hapati hata senti. Wala hawapati wale wapitiaji wawili watatu walioisoma rasimu yake usiku, wakaikosoa mstari kwa mstari na kuirudisha. Kazi hiyo hufanywa bila malipo. Mhariri wa jarida mara nyingi ni profesa mwenye mshahara wake chuoni, na mchapishaji akimpa chochote ni posho tu. Akina mama waliotolewa damu walipewa nauli na soda, kama walipewa. Fedha za utafiti zilitoka kwenye kodi, ama zetu ama za nchi wahisani. Laki yako ingekwenda kwa kampuni inayomiliki jarida, kwa sababu kabla makala haijatoka mwandishi alitia saini karatasi ya kuikabidhi kampuni hiyo hakimiliki.

Haikuanza hivyo. Machi 1665, Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alianzisha jarida la sayansi akitumaini litamsaidia kupata riziki, na alichoambulia kilikuwa kidogo sana. Kwa muda mrefu majarida mengi yalikuwa mikononi mwa vyama vya wasomi, na hakuna aliyeyategemea kumtajirisha.

Aliyenusa hela pale ni Robert Maxwell, kwa kampuni yake ya Pergamon Press kuanzia mwaka 1951. Aliona kwamba baada ya vita serikali za Ulaya na Marekani zilikuwa zinamwaga fedha kwenye utafiti, na watafiti walihitaji pa kuchapisha. Akaona pia jambo ambalo mfanyabiashara wa kawaida halipati kirahisi: makala hazishindani kwa bei. Wewe unataka ya akina mama wa Kilimanjaro. Ukiambiwa kuna ya Peru yenye nusu bei, itakusaidia nini? Mwaka 1991 Maxwell aliiuza Pergamon kwa Elsevier ya Uholanzi kwa pauni milioni 440. Mwaka huo huo alikutwa amekufa baharini baada ya kuanguka kutoka kwenye boti lake la kifahari, na magazeti yakapata la kuandika kwa miezi.

Tangu hapo kampuni zimekuwa zikimezana. Kufikia 2013, kampuni tano zilikuwa zinachapisha zaidi ya nusu ya makala za kisayansi zote zilizohesabiwa na watafiti wa Kanada waliolifuatilia suala hili. Mwaka 2023 kitengo cha sayansi na tiba cha RELX, ambayo ndiyo inayoimiliki Elsevier, kilibakiza faida ya uendeshaji ya kama pauni 38 katika kila pauni 100 zilizoingia. Mwuza mitumba wa Kiboriloni ukimsomea hesabu hiyo atakuuliza kama umekosea kuandika.

Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu kwenye maktaba niliyofanyia kazi. Majarida ya tiba tulikuwa tukiyajalidi kwa ngozi nyekundu, mwaka kwa mwaka, tarakimu za dhahabu mgongoni. Unatembea na rafu: 1974, 1975, 1976, unaendelea hivyo hadi miaka ya mwanzo ya themanini, halafu unakuta ubao mtupu. Fedha za kigeni zilikauka na majarida yakakatika. Madaktari wa kizazi kile walisoma yaliyoachwa na wageni kwenye mabegi yao. Intaneti ilipokuja tukadhani yamekwisha. Kumbe wachapishaji walikuja na mafurushi. Huuziwi majarida kumi unayoyataka, unauziwa elfu moja kwa pamoja, na mkataba unakukataza kumwambia mkutubi wa chuo cha jirani umelipa kiasi gani. Mimi nimewahi kukaa meza moja na mwenzangu wa chuo kingine, kila mmoja na mkataba wake kwenye bahasha, tunaulizana habari za watoto.

Wala si sisi maskini tu tuliolia. Aprili 2012 Harvard, chuo tajiri kuliko vyote, iliwaandikia walimu wake kwamba inalipa karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka kwa wachapishaji wakubwa na kwamba haiwezi kuendelea hivyo.

Sasa usilipe hiyo laki. Nenda maktaba ya chuo chako, umuulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango wa kuzifikishia taasisi za nchi maskini majarida, na kwa mambo ya tiba utaje Hinari, tawi lake la afya. Hinari ilianzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na Tanzania imo kwenye kundi la nchi zisizolipa kitu. Nywila hupewa taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo usihangaike kujiandikisha mwenyewe kwa simu. Kama mkutubi atakwambia hajui nywila iko wapi, rudi kesho yake, na kesho kutwa. Nasema hivi nikiwajua wenzangu.

Ikishindikana, bandika kichwa cha makala kwenye Google Scholar, kisha bonyeza palipoandikwa matoleo mengine. Mara nyingi kuna nakala halali kwenye hifadhi ya chuo cha mwandishi. Na kuna njia ambayo wanafunzi wangu waliiogopa bila sababu: mwandikie mwandishi. Chini ya jina lake pana kialama cha bahasha, ukikibonyeza unapata anwani yake. Andika mistari mitatu: wewe ni nani, unasoma nini, unaomba nakala ya makala fulani. Usijieleze shida zako za bando. Waandishi wengi hujibu, tena kwa furaha, kwa sababu makala isiyosomwa haimfaidishi aliyeiandika.

Ila tusijidanganye kuhusu Hinari. Ni hisani, na mwenye hisani huweza kuichukua. Januari 2011 watafiti wa Bangladesh walikuta majarida zaidi ya 2,000 yameondolewa kwenye orodha yao na wachapishaji walioamua kwamba soko la huko sasa limeiva. Kelele zilipopigwa yakarudishwa. Nchi inayopanga mafunzo ya wauguzi wake juu ya hisani ya namna hiyo inakaa roho juu.

Swali: Mama, habari za kazi. Nafundisha chuoni hapa Arusha, natafiti madini ya floridi kwenye maji ya visima. Kila wiki napokea baruapepe inayoniita profesa mashuhuri (bado ni mhadhiri msaidizi) na kunialika kuchapisha kwa dola 150, majibu ndani ya siku tano. Ya juzi ilikuwa ya jarida la magonjwa ya moyo. Upande wa pili, majarida yenye jina yananidai dola 2,000 na zaidi ili makala iwe huria, yaani isomwe na yeyote bila kulipa. Nikikaa bila kuchapisha sipandi cheo. Nifanye nini? (Mhadhiri, Sakina)

Jibu: Njema, mwanangu, na pole. Hiyo ya siku tano ifute. Hakuna mtu anayejua floridi atakayepitia kazi yako vizuri kwa siku tano, tena kwenye jarida la moyo. Hao wanauza risiti. Palikuwa na mkutubi mwenzetu wa Colorado, Jeffrey Beall, aliyekuwa akiweka orodha ya majarida ya namna hiyo. Aliiondoa mtandaoni Januari 2017, na nakala zinazozunguka sasa zinatunzwa na watu wengine, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Angalia kwanza kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, au kwenye AJOL ya Afrika Kusini, inayobeba majarida ya bara letu. Kisha wachague wawili katika bodi ya wahariri, uwaandikie uwaulize kama wanajua wamo. Utashangaa.

Suala la dola 2,000 ndilo linaloniuma. Waliotoa tamko la Budapest la makala huria mwaka 2002 walitaka msomaji asilipe. Wachapishaji wakasema sawa, basi alipe mwandishi. Jarida la Nature, kuanzia 2021, likaweka ada ya euro 9,500 kwa makala moja, ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi milioni 25. Zamani mtu wa Arusha alikuwa anaandika bure na kushindwa kusoma. Leo anasoma bure na kushindwa kuandika. Utafiti wa maji ya Ngaramtoni utaandikwa na nani basi? Na mwenye ruzuku ya Ulaya, akija likizo.

Kuna msamaha wa ada, lakini uombe kabla ya kuwasilisha, maana makala ikishakubaliwa wengi hawasikilizi. Na hapa pana kichekesho. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitupandisha, tukawa nchi ya kipato cha kati cha chini. Tulishangilia. Wachapishaji wanaofuata orodha ya Benki hiyo wakatutoa kwenye msamaha kamili na kutuweka kwenye punguzo, mara nyingi nusu. Wanaofuata orodha ya Research4Life bado wanatusamehe yote. Kwa hiyo mwandishi ni yule yule, kisima ni kile kile, na jarida moja linakudai dola 1,000, jingine halidai kitu. Soma ukurasa wao wa ada mpaka chini. Angalia pia kama wanataka waandishi wote wawe wa nchi zenye msamaha, kwa sababu jina moja la profesa wa Ubelgiji linaweza kukuharibia. Na msamaha kwa kawaida hauhusu yale majarida yanayouza usajili huku yakitoza ada kwa makala moja moja. Hayo ukiyaona yanakutaka ulipie uhuria, mwambie hapana, chapisha kwa njia ya kawaida, halafu weka rasimu yako ya mwisho iliyokubaliwa kwenye hifadhi ya chuo. Mikataba mingi inaruhusu, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Tunza faili hilo la Word kama cheti cha ndoa.

Kwa floridi ningekushauri pia uangalie nyumbani. Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linasomeka bure, na wahandisi wa maji wa hapa, ambao ndio hasa wanapaswa kukusoma, watalifikia bila nywila ya mtu.

Najua utaniambia kamati haitoi alama nzuri kwa jarida la nyumbani. Hapo ndipo lawama zangu zinapolala, kuliko hata kwa Elsevier. Kampuni ni ya biashara na inafanya biashara. Kamati zetu za kupandisha vyeo ndizo zinazompa mchapishaji wa nje rungu la kutupigia. Kile kipimo cha wastani wa jarida kunukuliwa wanachokiabudu kilitokana na kazi ya Eugene Garfield wa Philadelphia, aliyetaka njia ya kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa yake. Sisi wakutubi tulikitumia kuamua tununue nini. Kupima akili ya mhadhiri wa Sakina hakikutengenezewa.

Wenye mamlaka wakitaka, huweza. Aprili 2023 wahariri zaidi ya 40 wa jarida la NeuroImage walijiuzulu kwa pamoja kwa sababu Elsevier ilikataa kushusha ada ya dola 3,450, wakaenda kuanzisha jarida jingine. Wewe peke yako usijaribu hivyo kabla hujathibitishwa kazini.

Swali: Mama mkutubi, mimi ni mkulima wa kahawa huku Kibosho. Miaka ya nyuma walikuja vijana watatu na mzungu mmoja, wakapima udongo, wakachuma majani yenye kutu, wakatuhoji mpaka giza. Wakasema majibu tutaletewa. Kimya. Juzi mjukuu wangu kaikuta kazi yao kwenye simu, kapicha ka kihamba changu kamo, lakini ni Kiingereza na ukitaka kuendelea wanadai hela. Ni kama mtu akukatie mkungu shambani bila hodi, kisha akuite sokoni ukaununue. Ni haki? (Mkulima, Kibosho)

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Si haki, na sitakupamba maneno.

Anzia ofisi ya kijiji. Mtafiti hawezi kuingia kihambani kwako bila kupita kwa mtendaji, na akipita huandika kwenye kitabu cha wageni: tarehe, jina, anakotoka, shughuli, namba ya simu, saini. Vitabu vile havitupwi. Huwa vipo kwenye kabati la chuma nyuma ya mtendaji, vimefungwa kwa kamba ya katani. Mwombe mtendaji afungue cha mwaka ule. Wageni kutoka nje huhitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kibali hicho hudai nakala za walichokipata ziletwe. Ukishapata jina, mjukuu amwandikie mwenyewe aombe makala pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema walikuta nini kwenye majani yako. Hao watafiti wakitaka kurudi na mradi wa pili, watajibu.

Kwa shida yenyewe usisubiri. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wako Lyamungu, hapo hapo jirani kwako, na miche yao chotara inayohimili kutu ya majani na chulebuni imeshasambazwa kwa wakulima. Kwa mkulima, maarifa yaliyotoka Lyamungu yakafika kitaluni yamekwisha kuchapishwa.

Hili lako lina ndugu zake wakubwa. Mwaka 1982 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya vipimo vya damu ya watu wa Liberia na kusema wazi kwamba nchi hiyo ihesabiwe katika eneo la Ebola. Ilichapishwa Ulaya, na hakuna Mliberia aliyekuwa miongoni mwa waandishi. Ebola ilipoingia mwaka 2014, wakubwa wa afya wa Liberia hawakuwa na habari kwamba waliwahi kuonywa. Bernice Dahn, mganga mkuu wa wizara ya afya, aliandika na wenzake Aprili 2015 kwamba hata wakati huo kupakua makala moja ya namna hiyo kungemgharimu daktari wa kwao dola 45, karibu mshahara wa nusu wiki. Waliokufa Liberia walizidi 4,800. Sisemi makala moja ingewaokoa wote. Nasema damu ilikuwa yao, na jibu lilikaa kabatini kwa wengine kwa zaidi ya miaka 30.

Wakija tena kwako, kabla hujatia saini ile fomu ya ridhaa, waulize mbele ya mtendaji: majibu mtayaleta lini, kwa lugha gani, na mtamkabidhi nani? Majibu yao yaandikwe kwenye kitabu kile kile cha wageni.

Swali: Mama, nafundisha fizikia sekondari. Kuna tovuti inayotoa makala zote bure ukibandika namba yake. Wenzangu wanasema ni wizi. Wewe unasemaje? (Mwalimu, Usa River)

Jibu: Unaizungumzia Sci-Hub, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan, binti wa Kazakhstan aliyechoka kuombwa hela kwa kila makala ya masomo yake. Kisheria haina utetezi: mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru Elsevier ilipwe fidia ya dola milioni 15. Kwenye maktaba niliyoisimamia sikuiruhusu, kwa sababu taasisi ikishtakiwa haina pa kujificha na nywila halali hufungiwa wote. Ukiniuliza kama nawaonea huruma waliomshtaki, umeshasoma juu habari za zile pauni 38.

Lakini wewe wa fizikia huna haja ya kuhatarisha kitu. Wanafizikia walilimaliza hili mapema: tangu 1991 wanaweka rasimu zao arXiv, hifadhi aliyoianzisha Paul Ginsparg akiwa Los Alamos, na mtu yeyote husoma bila kujiandikisha. Nyingi zitawazidi watoto wa kidato cha sita, ila kuna za ufundishaji wa fizikia, zipo kwenye kundi lake, na picha za majaribio unaweza kuzitumia darasani. Pakulia shuleni kukiwa na Wi-Fi, uhifadhi kwenye flashi.